SATA, NVMe au USB: diski ya kompyuta yako mpya ipite njia ipi?

Muuzaji akikuambia "chukua M.2, hiyo ndiyo ya kasi", muulize: M.2 ipi? Kuna kadi za M.2 zinazotumia SATA na kuna zinazotumia NVMe. Zote zina upana wa milimita 22, zote huchomekwa kwa kulazwa juu ya ubao mama, na zikiwa juu ya kaunta mtu asiyezoea hawezi kuzitofautisha. Moja husoma megabaiti 550 kwa sekunde, nyingine 3,500 au hata 7,000. Lakini ukiichomeka ile ya kasi kwenye tundu lisiloielewa, haitasoma hata megabaiti moja. Kompyuta itawaka, kisha itakuambia haioni diski.

Kwa hiyo tuliweke sawa hili kabla ya kulinganisha chochote. M.2 ni umbo la kadi na tundu lake. SATA, NVMe, USB na SAS ni njia ambazo diski hupitishia data kwenda na kutoka kwenye kompyuta. Hapa nalinganisha njia, nikimfikiria mtu anayenunua kompyuta mpya, au iliyo mpya kwake tu: ile iliyofanya kazi ofisini Ulaya miaka mitano, ikasafirishwa, na sasa iko dukani Kariakoo au Luthuli ikiwa imefutwa vumbi na kubandikwa stika ya bei.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni nafasi, yaani kama mashine ina tundu la njia hiyo na kama inaweza kuwaka kupitia hapo. Hiki hukata mjadala mwingi hata kabla haujaanza. Kisha kuna kasi unayoihisi, ujazo na bei yake, umeme na joto, na siku ya matatizo: kompyuta ikifa au diski ikifa, utaitoaje data? Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Kasi unayoihisi inastahili maelezo, maana hapo ndipo watu hulipia kitu kisichowasaidia. Kwenye boksi la diski huandikwa kasi ya kusoma faili moja kubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Windows inapowaka, au unapofungua Excel, kompyuta haisomi hivyo. Inaokota maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo diski ya kuzunguka inapokwama. Yenye mizunguko 7,200 kwa dakika hungoja wastani wa milisekunde 4.2 ili sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea. Yenye mizunguko 5,400 hungoja 5.6, na bado hujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Ikiokota vipande vya kilobaiti 4 kimoja kimoja, haifikishi hata megabaiti moja kwa sekunde. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, ikiwa ya SATA hutoa kama 30 hadi 40 kwa kazi hiyohiyo. NVMe nzuri hutoa 50 hadi 80, nyingine zaidi kidogo.

Angalia namba hizo tena. Tofauti kubwa iko kati ya diski inayozunguka na SSD yoyote ile. Kati ya SSD ya SATA na ya NVMe ipo pia, ila kwa mtu wa barua pepe, Word na hesabu za duka ni sekunde chache asubuhi anapowasha mashine. Anayefanya kazi nyingine huenda akaona tofauti hiyo ni kubwa, na tutafika huko.

SATA

SATA ilikuja mwaka 2003 kuchukua nafasi ya IDE, zile waya pana bapa zenye plagi ya pini 40 zilizokuwa zikiziba hewa ndani ya kasha. Toleo lake la tatu, la mwaka 2009, ndilo lililomo kwenye kompyuta hadi leo: gigabiti 6 kwa sekunde. Kwa namna data inavyofungwa kabla ya kusafirishwa, biti 10 hubeba 8 za kweli, kwa hiyo kinachobaki ni megabaiti 600, na kwa matumizi ya kila siku ni kama 550. Haijaongezwa tangu hapo, na sioni dalili ya kuongezwa.

*Nafasi.* Hapa SATA haina mpinzani. Plagi ya data ina pini 7, ya umeme ina 15, zote zina umbo la herufi L ili usiweze kuzigeuza. Kompyuta ya mezani huwa na matundu mawili hadi sita. Kompyuta kama Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina SATA pekee, haina tundu la M.2 la diski. Tahadhari moja hapo: mwaka 2023 Dell walilirudia jina lilelile, OptiPlex 7010, kwa mashine mpya kabisa yenye M.2. Ukiambiwa kwa simu "ni 7010", uliza ina prosesa ya kizazi gani.

Kwenye laptopu hakuna waya wa kuning'inia. Diski ya inchi 2.5 husukumwa kwenye kitako chake. Nyingi za miaka ya karibuni zina nafasi ya unene wa milimita 7, na diski ya zamani ya milimita 9.5 haiingii humo. Kinyume chake hakina shida, unaweka fremu ya plastiki kujazia. Laptopu nyembamba za sasa nazo hazina kabisa nafasi ya inchi 2.5. Na ukinunua iliyotumika, ifunue uangalie kama waya bapa wa kuunganishia diski bado upo. Kwenye baadhi ya EliteBook, waya huo na kibati cha kushikilia diski ni vipande vya pembeni, na huwa vinatolewa pamoja na diski ya mwenye mashine wa kwanza. Utakuta nafasi tupu nzuri, isiyo na cha kuchomekea.

*Kasi.* Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 husoma faili kubwa kwa megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. Hiyo haiujazi hata mfereji wa SATA ya pili, wenye 300. Maana yake, kuihamisha kutoka tundu la zamani kwenda jipya, au kununua waya ulioandikwa "6 Gb/s", hakuongezi chochote. SSD ndiyo inayoijaza SATA ya tatu mpaka juu.

*Ujazo na bei.* Kwa kila gigabaiti, diski ya kuzunguka ya SATA bado ndiyo nafuu kuliko zote. Za terabaiti 4 au 8 ni za kawaida, na zinapatikana hata za zaidi ya 20. Mwenye kamera za CCTV hana haja ya kuumiza kichwa: kinasa picha chake kimetengenezwa kwa diski hizi, na zipo zilizoundwa kwa ajili ya kuandika usiku na mchana. Ukitaka kufunga diski kadhaa pamoja kwa RAID, chunguza kama inaandika kwa mtindo wa SMR, ambao hupandisha mistari ya data kidogo juu ya jirani yake. Mtindo huo huwa mzito sana pale unapobadilisha diski iliyoharibika na kuijaza upya.

*Umeme na joto.* SSD ya SATA hula wati mbili tatu inapofanya kazi na haipati joto la kukutia wasiwasi. Diski ya inchi 3.5 hula zaidi, hasa inapoanza kuzunguka, na haipendi kutikiswa ikiwa inafanya kazi. Laptopu inayobebwa kwenye bodaboda ikiwa imelazwa tu bila kuzimwa ni hatari ya kweli kwa diski ya kuzunguka. Kwa SSD si kitu.

*Siku ya matatizo.* Kila fundi ana kifaa cha kuunganisha SATA kwenye USB, na ni cha bei ndogo. Kompyuta ikifa, unafungua skrubu nne, unachomeka, na mafaili yako hayo hapo. Diski ya kuzunguka pia huwa inaaga: inapiga kelele, inakuwa nzito, inaonyesha sehemu mbovu kwenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. SSD, ya SATA au ya NVMe, huweza kuzima ghafla bila neno.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya kabla ya mwaka 2015 hivi, mwenye mahitaji ya ujazo mkubwa kwa fedha kidogo, na mtu ambaye fundi wake wa karibu ndiye msaada wake pekee.

NVMe

Toleo la kwanza la NVMe lilichapishwa mwaka 2011, na limeundwa kwa ajili ya chipu za kumbukumbu, si kwa ajili ya sahani zinazozunguka. Tofauti na SATA si kasi ya mfereji tu. SATA, kwa utaratibu wake wa AHCI, ina foleni moja inayoweza kushika maombi 32. NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000, kila moja na maombi zaidi ya 65,000. Ni benki yenye dirisha moja dhidi ya benki yenye madirisha mengi kuliko wateja. Ukiwa peke yako ukumbini, huoni tofauti kubwa. Kukiwa na umati, ndiyo utaiona. Seva ya hifadhidata au kompyuta inayohariri video nne kwa pamoja ni umati. Mtu mmoja na Word yake si umati.

*Nafasi.* Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Tundu la M.2 kwenye mashine yako linaweza kuwa la SATA tu, la NVMe tu, au la vyote viwili. Kutazama hakutoshi. Kadi nyingi za M.2 za SATA zina mikato miwili kwenye meno yake ya dhahabu na nyingi za NVMe zina mkato mmoja, lakini zipo NVMe zenye mikato miwili, kwa hiyo usiitegemee alama hiyo peke yake. Soma stika ya kadi: ikiandikwa "SATA" au "6 Gb/s" ni SATA, ikiandikwa "NVMe" au "PCIe" (mfereji wa ubao mama ambao NVMe hupitia) ni NVMe. Kwa upande wa mashine, tafuta kitabu chake cha maelezo kwenye tovuti ya kampuni kwa jina kamili la modeli.

Urefu nao una maana. Namba 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ndiyo ya kawaida. 2242 na 2230 ni fupi, na baadhi ya laptopu zina nafasi ya hizo tu. Kadi fupi unaweza kuiwekea kipande cha kurefushia. Ndefu huwezi kuikata.

Kisha kuna njia za PCIe, yaani mistari ya data, zinazofika kwenye tundu. NVMe ya kawaida hutumia nne. Mashine nyingine hupeleka mbili tu, na kasi inakatika nusu hata kama diski ni ya bei kali. Kwenye baadhi ya kompyuta za mezani, ukichomeka kadi kwenye tundu fulani la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa. Mtu anaweka NVMe mpya, halafu diski yake ya zamani "inakufa" siku hiyohiyo. Haijafa. Ihamishie tundu jingine.

Kompyuta ya mezani isiyo na M.2 unaweza kuiwekea kadi ya kuchomeka kwenye tundu la PCIe, na NVMe ikafanya kazi vizuri kama diski ya kuhifadhia. Kuwasha Windows kutoka hapo ni jambo jingine. Mashine nyingi za kabla ya 2014 au 2015 hazijui kuwaka kupitia NVMe. Windows 7 nayo haina draiva yake ndani. Na kwenye mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, huenda ukaingiza Windows kutoka kwenye flashi na ikakuambia hakuna diski, ilhali kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, unaiona. Sababu mara nyingi ni VMD, mpangilio wa Intel unaohitaji draiva yake. Unaipakia draiva wakati wa kuweka Windows, au unaizima VMD kwenye BIOS kama unaanza upya. Usiizime kwenye mashine ambayo Windows yake tayari inafanya kazi, itagoma kuwaka.

Jambo dogo la mwisho: skrubu. Kadi ya M.2 huingizwa ikiwa imeinama, meno yake yanazama, kisha unaiachia na inabaki imesimama mshazari. Unaibonyeza ilale na kuifunga kwa skrubu ndogo ya milimita mbili. Kwenye mashine za mtumba skrubu hiyo, na kale kanati kake ka chini, vimeshapotea. Utaona mafundi wakibandika selotepu. Joto likipanda gundi inalegea, kadi inanyanyuka, na kompyuta inaanza kupoteza diski katikati ya kazi. Dai skrubu kabla hujalipa.

*Kasi.* PCIe ya kizazi cha tatu hutoa kama megabaiti 3,500 kwa sekunde, ya nne kama 7,000, ya tano hukaribia 14,000 au zaidi. Zinaelewana: diski ya kizazi cha nne kwenye tundu la kizazi cha tatu itafanya kazi, kwa kasi ya la tatu.

Sasa chukua mpiga video za harusi aliyerudi studio na gigabaiti 60. Kuzinakili kwenda diski ya kuzunguka inayoandika megabaiti 120 kwa sekunde ni dakika nane na ushee. Kwenda SSD ya SATA ni dakika mbili. NVMe ya kizazi cha tatu, sekunde 20 hivi. Inapendeza, mpaka ukumbuke kwamba video ziko kwenye kadi ya kamera inayosomeka kwa megabaiti 90. Hapo SSD zote mbili ni dakika 11, na hata diski ya kuzunguka ni zilezile 11. NVMe inaanza kulipa baada ya hapo, anapovuta video tatu kwenye ratiba ya kuhariri na kurudi nyuma na mbele, au anapohamisha kutoka NVMe moja kwenda nyingine.

Kuna mtego mwingine. SSD za bei ya chini huandika kwanza kwenye sehemu ndogo ya haraka, na sehemu hiyo ikijaa, kasi huporomoka. Baadhi ya zile za QLC, zinazobana biti nne kwenye kila chembe, hushuka mpaka chini ya SSD nzuri ya SATA. Tatizo hili lipo kwa SATA pia, ila kwa NVMe linaumiza zaidi kwa kuwa umelipia namba iliyo kwenye boksi.

*Ujazo na bei.* Kwa gigabaiti 500 hadi terabaiti 1, NVMe ya kizazi cha tatu na SSD ya SATA mara nyingi hazipishani sana, na wakati mwingine NVMe ndiyo huwa chini. Kama mashine inazikubali zote mbili, bei si sababu ya kuikimbia NVMe. Kizazi cha tano ni habari nyingine, na kwa matumizi ya kawaida sioni anayekihitaji. Ukivuka terabaiti 4, zote huwa ghali mbele ya diski ya kuzunguka.

*Umeme na joto.* NVMe ikifanya kazi nzito hupata joto kali, na ikikaribia nyuzi 80 nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kwenye chumba cha Dar mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, laptopu ikiwa juu ya godoro, hali hiyo si ya kufikirika. Kibati cha kupozea joto husaidia kwenye kompyuta ya mezani. Kwa laptopu hakikisha kina nafasi kabla ya kubandika. Za kizazi cha tano usizitumie bila kibati.

Umeme wa kukatika ni tatizo la kompyuta ya mezani kwa njia zote. SSD za kawaida hazina kapasita za kumalizia kuandika umeme unapoondoka, kwa hiyo faili lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika. UPS ndogo ni lazima, uwe na SATA au NVMe.

*Siku ya matatizo.* Kasha la USB la NVMe ni tofauti na la M.2 ya SATA. Yapo yanayokubali zote mbili, lakini yaliyo mengi hukubali moja. Fundi wa mtaani anaweza asiwe nalo. Faili lililofutwa kwenye SSD ya aina yoyote ni vigumu kurudi, kwa sababu amri ya TRIM huzisafisha sehemu hizo. Na kwenye Windows 11 angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, maana laptopu nyingi huifunga zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Bila ule ufunguo wa tarakimu 48, diski nzima iliyo hai haikusaidii kitu.

*Inamfaa nani.* Anayenunua kompyuta ya miaka ya karibuni, anayehariri video, anayeandika programu kubwa au kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwa pamoja, na yeyote ambaye mashine yake inayo nafasi na bei zinakaribiana.

USB

USB huingia kwenye mjadala huu kwa sababu wengi wana diski ndogo ndani na wanauliza kama ya nje inatosha.

*Nafasi:* kila kompyuta inayo. *Kasi* inategemea tundu. USB 2.0 hukupa kama megabaiti 35 kwa sekunde. Zile gigabaiti 60 za harusi zingekula karibu nusu saa. Tundu la gigabiti 5, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu, hufika 400 na zaidi kidogo kwa SSD. La gigabiti 10 hukaribia 1,000. Waya mbovu huishusha yote, na waya wa kuchajia simu mara nyingi ni wa USB 2.0 hata kama plagi yake ni ya Type-C.

*Bei* ni ya diski iliyo ndani pamoja na kasha. Jihadhari na SSD za nje zinazotangazwa kuwa za terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake huwa kadi ndogo ya simu iliyochezewa idanganye ukubwa. H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux zitakuonyesha ukweli. Zijaribu kabla siku za kurudisha hazijaisha. *Umeme:* diski ya nje ya inchi 2.5 hutosheka na tundu la USB, ya inchi 3.5 hudai adapta yake.

*Siku ya matatizo* ndipo USB inapong'ara, maana diski ya nje unaichomoa na kuichomeka kwingine. Kama diski kuu ya kuwashia, haifai kwa watu wengi: programu ya kuweka Windows hukataa kuiweka kwenye diski ya USB, na waya ukigongwa kidogo kompyuta inaganda. Linux huwaka kutoka hapo bila ubishi.

*Inamfaa* mwenye kuhitaji nakala za akiba, mwenye kuhama na kazi zake, na mwenye laptopu isiyofunguka.

SAS, ili usiinunue bila kujua

Diski za SAS ni za seva. Zina umbo la inchi 2.5 au 3.5 kama za SATA, na zinapotolewa kwenye seva kuukuu huuzwa kwa bei ya kutamanisha. Tazama plagi yake: pale ambapo SATA ina pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme, SAS imezibwa. Waya wako wa SATA hautaingia, na adapta ya plastiki haitasaidia, kwa kuwa ubao mama wa kawaida hauijui lugha hiyo. Kinyume chake kinawezekana, seva ya SAS huikubali diski ya SATA. Zinamfaa mwenye kadi maalumu ya SAS na sababu ya kuwa nayo, kwa mfano seva ya mafaili ya ofisi. Kwa kompyuta ya nyumbani utaongeza kelele, joto na bili ya umeme.

Kabla ya kulipa

Beba CrystalDiskInfo kwenye flashi. Lipo toleo lisilohitaji kusakinishwa. Ifungue kwenye mashine unayoitaka. Pamoja na afya ya diski na saa ilizokwisha kufanya kazi, kuna mstari unaoonyesha namna inavyosafirisha data sasa na namna inavyoweza. Ukiona "SATA/300 | SATA/600", diski ya kasi imewekwa kwenye tundu la zamani. Ukiona "PCIe 3.0 x2 | PCIe 3.0 x4", mashine inapeleka njia mbili tu na diski inataka nne. Muuzaji anayekataa usiifungue amekujibu.

Hali yako ni ipi?

Kompyuta ya mezani ya 2012 au 2013 kwa ajili ya steshenari au ofisi ndogo: weka SSD ya SATA ya gigabaiti 256 kwa Windows, na iache diski ya kuzunguka iliyomo kwa ajili ya mafaili. Usihangaike na kadi za kugeuza NVMe. Fedha hiyo iende kwenye RAM.

Laptopu yenye tundu la NVMe na nafasi ya inchi 2.5, kama EliteBook 840 G3: NVMe ya kawaida kwa mfumo, diski yako ya zamani ya SATA kwa hifadhi. Ukitaka betri idumu zaidi, hiyo ya pili nayo iwe SSD au usiiweke kabisa.

Tundu la M.2 ni la SATA tu: nunua M.2 ya SATA bila kuona haya. Kwa kazi za kawaida hutaijutia.

Unaunda kompyuta mpya: NVMe ya terabaiti 1 ya kizazi cha tatu au cha nne, kwenye tundu la M.2 lililo karibu na prosesa, maana mara nyingi ndilo lenye njia kamili. Diski kubwa ya SATA iongeze baadaye, ujazo utakapokubana.

Studio ya video: NVMe mbili, moja ya mfumo na moja ya kazi iliyo mezani, halafu diski za SATA za kuzunguka kwa kazi zilizokwisha. Nunua na kisomea kadi cha kasi, la sivyo NVMe zitakaa zikisubiri kamera.

CCTV: diski ya kuzunguka ya SATA iliyoundwa kwa ajili ya kurekodi. Basi.

Gemu: SSD ya SATA bado hupakia michezo mingi kwa muda unaovumilika, ila baadhi ya michezo mipya sasa hutaja NVMe kwenye mahitaji yake. Kama tundu lipo, chukua NVMe. Fedha inayobaki iende kwenye kadi ya michoro badala ya kizazi cha tano.

Unakaa mbali na mji na fundi ni mmoja: SATA kwa diski ya ndani, pamoja na diski ya USB ya nakala za akiba inayokaa kabatini, haikai imechomekwa.

Na kama laptopu uliyoonyeshwa ina eMMC, yaani chipu ya hifadhi, ya gigabaiti 64 iliyochomelewa kwenye ubao mama, swali la njia limeshafungwa na kiwanda. Uliza kama ina tundu la ziada la M.2. Ikiwa halipo, diski ya USB itakuongezea nafasi ya mafaili, lakini masasisho ya Windows yataendelea kugombania zile 64, na kwa bei ileile kwa kawaida utapata mashine ya mtumba inayofunguka.